Mama na Kura za Dunmore

Abu Hamour, Doha
Ijumaa, 27 Septemba 2024

Laban mdogo wangu,

Habari za huko kwenye mahindi? Huku joto limeanza kutuhurumia kidogo. Leo nimetoka kanisani kwa miguu, maana huku tunasali Ijumaa, na sikufika nimelowa jasho, kwa hiyo tunashukuru.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu mbili. Simu za mtandao huku hukatika mtu akifika tu penye maana, na pia wewe kwenye simu ni mwongo hodari. Ukiandika, nakushika.

Ile picha ya Mama uliyonitumia, amesimama mbele ya nyumba yenu na sukuma wiki mkononi, nimeionyesha watu wote lindoni. Latifa, yule dada wa Tanga tunayekaa naye chumba kimoja, alisema Mama amenawiri, Amerika imempokea. Nikafurahi. Halafu nikaikuza ile picha, Laban. Nyuma ya Mama kuna nyumba nne, na kila moja ina kibango cha mgombea kimechomekwa uani. Mgombea ni yule yule mmoja. Nyumba yenu peke yake haina kitu.

Unajua mimi nikiona nyumba moja iko tofauti na zote za jirani nakumbuka nini. Wewe ulikuwa kidato cha pili, lakini usiniambie umesahau.

Basi nikaitafuta kaunti yenu kwenye simu. Kumbe mambo yao yote yako wazi, uchaguzi baada ya uchaguzi, mtu yeyote anasoma. Mara ya mwisho, watu watatu kati ya wanne walikwenda upande mmoja. Kazini kwetu West Bay kuna mama Mwamerika anayepanda ofisi za juu, mtu mpole, ananisalimia kwa jina kila nikimkagua mkoba. Nikamuuliza kama anaijua Dunmore, Iowa. Hakuijua. Nikamwonyesha zile namba, akacheka akasema watu wa huko wamepotea kabisa, nimwambie kaka yangu ahamie mjini. Alisema kwa mzaha, lakini mimi sikucheka.

Niambie ukweli. Hao ni watu gani? Na ikifika tarehe tano Novemba, siku ya kura, Mama mtamweka wapi?

Dada yako,
Nafula


Dunmore, Iowa
Jumapili, 6 Oktoba 2024

Dada Nafula,

Umeniandikia kama vile mimi ndiye niliyekamatwa na mkoba wenye kisu. Punguza, dada. Hatumweki Mama popote. Yuko hapa jikoni anamgombeza mke wangu kwa sababu Cheryl amekoroga ugali kwa kile chombo cha kupigia mayai. Cheryl haelewi neno hata moja ila anasema “ndiyo, Mama” kila Mama akinyamaza kuvuta pumzi.

Umeuliza hawa ni watu gani. Nilimuuliza baba mkwe, Mike, kwa sababu Mike anapenda kuulizwa. Anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, ni mjane, alikuwa fundi kwenye kiwanda cha majokofu mpaka kikafungwa. Bango kubwa kuliko yote kwenye ile picha ni lake.

Anasema zamani kaunti hii ilikuwa ya upande ule mwingine. Baba yake alikuwa mtu wa chama cha wafanyakazi, na nyumbani kwao picha ya rais wa upande huo ilining'inia karibu na ya Yesu. Sasa sikiliza hii. Mwaka 2008, yule bwana ambaye baba yake ni mtu wa kwetu aliposimama, Dunmore ilimpa kura. Ndiyo, hawa hawa. Na 2012 wakampa tena. Siku niliyokwenda kuposa, Mike alinishika mkono akaniambia, “Nilimpigia binamu yako mara mbili.” Alidhani sisi sote ni binamu. Sikumkatalia, nilikuwa namtaka binti yake.

Baadaye kiwanda kikaenda Mexico. Shule ikaunganishwa na ya mji wa pili. Hospitali ikafunga wodi ya kujifungulia. 2016 kaunti ikageuka, 2020 ikageuka zaidi, na mwaka huu itazidi hapo. Mike anasema kila mara alipiga kura ya mabadiliko, na mabadiliko pekee aliyoyaona ni mambo kufungwa. Sikubaliani naye kwa mengi, lakini siwezi kusema ni mtu aliyepotea. Ndiye aliyemlimia Mama lile tuta la sukuma, na mbegu za kunde alimtafutia yeye.

Uani kwetu hakuna bango kwa sababu Cheryl yuko upande mwingine wa baba yake. Walikosana vibaya mara iliyopita, wakakaa miezi bila kusemezana. Wakapatana hivi: Cheryl asiweke bango, na Mike asilete siasa kwenye chakula cha Jumapili. Ule uwanja mtupu unaouona ni amani yetu, dada. Usiutafutie maana nyingine.

Mimi mwenyewe napiga kura ya rais kwa mara ya kwanza tangu niwe raia. Hawapaki wino kidoleni. Wanakupa kikaratasi cha kubandika kifuani, kama mtoto wa Sunday school.

Ndugu yako,
Laban


Abu Hamour, Doha
Ijumaa, 18 Oktoba 2024

Laban,

Ulidhani utanituliza. Umenitisha zaidi.

Kama wangekuwa watu wa upande mmoja tangu zamani, ningesema hiyo ni desturi yao, wamezaliwa nayo. Lakini unaniambia walimpenda mtu mwenye jina la kwetu mara mbili halafu wakageuka. Watu wanaogeuka ndio ninaowaogopa mimi. Wa kwetu kule shambani walikuwa hivyo hivyo. Krismasi ya 2007 tulikula nao, Mama akawapelekea watoto wao maziwa. Kura zikapigwa, na kabla ya mwezi kwisha walikuwa getini.

Na tangu lini mtu akakulimia tuta ikawa ni dhamana? Wale nao walitusaidia kuchimba kisima.

Hebu fanya jambo moja dogo. Mpeleke Mama kwa akina Akinyi, Wakenya wenzetu kule Minneapolis, wiki mbili tu, mpaka matokeo yatoke na watu wapoe. Kenya nzima hufanya hivyo, watu hupandisha watoto na wazee magari wakaenda kwao kungoja, na hakuna anayeona ni ajabu. Mwambie Cheryl Mama anakwenda kutembea.

Na jambo la pili, na hapa usinijibu kwa mzaha. Cheryl anajua Baba alikufaje?

Huku nilipo watu huniuliza kwa nini naongeza mkataba kila ukiisha. Nawaambia ni kazi. Ukweli ni kwamba nimepata mahali ambapo hakuna anayeniuliza mimi ni wa nani na nitampigia nani. Nalala vizuri. Nataka Mama naye alale vizuri.

Dada yako,
Nafula


Dunmore
Jumapili, 27 Oktoba 2024

Nafula,

Ulimwambia nini Mama?

Jana asubuhi nimetoka kazini, nakuta gari la sherifu mbele ya nyumba na bango la Mike limechomekwa uani kwetu, katikati ya sukuma wiki. Mike alikuwa ameamka akakuta bango lake limeng'olewa, akawapigia polisi simu, maana hapa kuiba bango la uchaguzi ni kosa. Askari hakuhitaji upelelezi. Alitembea nyumba tatu akaliona.

Cheryl alidhani baba yake ndiye aliyelichomeka ili kumkomoa. Mike alidhani Cheryl ndiye aliyeliiba ili kumdhihaki. Wamesemeshana mbele ya majirani maneno ambayo sijui yatarudi vipi. Mike ameondoka amesema Jumapili hii hatakula kwetu.

Na wakati wote huo Mama alikuwa nyuma ya mlango wa bafu, amejifungia, kwa sababu ameona askari. Alifungua gari lao lilipoondoka. Ninachopata kutoka kwake ni sentensi moja: “Nafula alisema tuweke jani lao.”

Nijibu leo leo.

Laban


Abu Hamour, Doha
Jumatano, 30 Oktoba 2024

Laban,

Ni mimi. Nilimpigia Mama ukiwa kazini, nikamwambia kwa Kibukusu chetu cha nyumbani ili Cheryl asishike hata jina. Ulikuwa kimya siku nane, sikuwa na mtu mwingine wa kumwambia.

Unakumbuka lile lori lililotutoa? Dereva alikata matawi, akayafunga mbele na pembeni, majani ya upande wa wale waliokuwa barabarani. Kila walipotusimamisha waliyatazama yale majani, wakatuachia. Hakuna aliyetuuliza mioyoni mwetu tuna nani. Jani lilitosha. Kwa hiyo nilimwambia Mama, kama Laban hakupeleki kwa Akinyi, basi tafuta jani lao uweke mlangoni. Sikumwambia achukue la mtu. Nilidhani mabango yao yanagawiwa bure kama kofia na fulana za kampeni kwetu. Naye kwa sababu Mike ni rafiki yake, aliona atachukua kwa rafiki, atarudisha kura ikiisha.

Nimelia mpaka Latifa akaninyang'anya simu. Nilipomweleza, akaniambia, “Dada'angu, hata hapa wenyeji wana kura ya katiba yao tarehe hiyo hiyo tano. Umemwona nani amefunga mzigo?” Kweli sikumwona. Leo nimesimama lindoni naangalia watu wanaingia na kahawa zao, wanaulizana habari za maegesho.

Lakini Laban, mimi sikulibuni hili. Lilitokea. Mama hakuwa na kichaa kwenda kung'oa lile bango. Alikuwa anawalinda wewe na mkeo na nyumba yenu kwa njia pekee iliyowahi kumfaa. Kama Mike na Cheryl wanamwona mwizi, ni kwa sababu hakuna aliyewaambia. Na wa kuwaambia ni wewe. Umenijibu kila kitu isipokuwa lile swali langu.

Niombee msamaha kwa Mama. Na kama bado anaogopa, mpeleke kwa Akinyi. Nakuomba.

Nafula


Dunmore
Jumapili, 3 Novemba 2024

Dada,

Swali lako. Nilimwambia Cheryl Baba alikufa kwa malaria. Nilimwambia siku za mwanzo kabisa, tukiwa bado tunajuana, na likawa ndilo. Wazungu wakisikia malaria hawaulizi zaidi, wanakupa pole. Nilitaka aolewe na mtu mwenye baba aliyekufa kitandani. Sikutaka anitazame vile wanavyotazama habari za Afrika kwenye televisheni.

Leo nilikwenda kwa Mike nikamwomba aje, si kwa chakula, aje asikie tu. Alikuja na kofia mkononi, akakaa mbali na binti yake. Nikamwambia Mama aseme mwenyewe kwa nini alichukua bango, mimi nitafasiri. Nilidhani atasema, “Niliogopa, nisameheni,” na mimi nitaongeza maneno mawili, tumalize.

Mama alianza na kisima. Alisema jinsi kilivyochimbwa na nani na nani. Akasema majina yao. Akasema Krismasi ile walikula nini. Nafula, sijawahi kumsikia akisema haya, hata kwa kasisi. Akafika pale vijana walipoingia, na Baba akamwambia atutangulize kwenye mahindi, yeye anarudi kumfungulia ng'ombe asiungue zizini. Akasema alichokiona alipogeuka. Alikisema chote.

Nikamwambia Mike na Cheryl kwa Kiingereza, “Halafu baba yangu akafariki kwenye vurugu.”

Mama akaniangalia. Akasema, “Mbona yako ni fupi?”

Nikamwambia ndivyo inavyosemwa kwa Kiingereza. Akasema, “Mimi nimesema mengi, wewe umesema machache. Rudia. Sema kama nilivyosema mimi.”

Nikarudia. Sijui nilivyoyapata maneno. Nilimtazama Mama tu, sikuweza kumtazama mke wangu. Nilipomaliza nilikuwa nimeshika meza kwa mikono miwili. Cheryl aliniuliza jambo moja, jina la Baba. Miaka minne ya ndoa na hakuwahi kulijua. Nikamwambia, Khaemba. Alilisema mara kadhaa mpaka akalipata, kisha akaja akapiga magoti nilipokaa akanishika. Hakunilaumu leo. Najua siku ya lawama itakuja, na nitaikubali.

Mike alimuuliza Mama, “Waliofanya hivyo walikuwa akina nani?” Nikafasiri. Mama akasema, “Majirani. Nilikuwa naonana nao kila siku, kama wewe.” Nilisita kidogo kabla ya kulifasiri hilo. Nikalifasiri.

 Mzee akainuka, akatoka nje, nikaona kupitia dirishani analing'oa lile bango, ambalo wiki nzima hakuna aliyeligusa, kwenye sukuma na kulibeba kwenda kwake. Akalichomeka pale pale lilipokuwa. Nikasema basi, ndiyo mwisho. Lakini alirudi. Akavuta kiti karibu na Mama, akamwambia kupitia kwangu: “Mimi nitampigia niliyesema nitampigia. Sitakudanganya. Lakini mtu akija mlangoni hapa, atanikuta mimi nimekaa kwanza.” Mama akamwambia Baba naye alisema hivyo hivyo.  Cheryl akaleta chai, na baba yake akamwambia asante kwa jina lake la utotoni. Ndiyo maneno yao ya kwanza tangu siku ile ya bango.

Nimemuuliza Mama kuhusu Minneapolis. Amesema atafikiri. Gari liko tayari, Nafula. Akisema twende, hata alfajiri ya Jumanne, nampeleka, siwezi kumbakiza kwa nguvu. Ila naomba asiseme.

Usiniulize nitampigia nani. Hapa si lazima useme, na nimegundua hilo ndilo ninalolipenda zaidi.

Laban


Dunmore
Alhamisi, 7 Novemba 2024

Nafula binti yangu,

Hii ni mimi Mama yako. Laban anaandika, mimi nasema. Nimemwambia asifupishe.

(Sifupishi. L.)

Sijakukasirikia. Ulinipigia kwa sababu unanipenda, na mimi nilikwenda kung'oa kitu cha watu kwa sababu nawapenda hawa. Yamekwisha. Yule askari nilimpelekea mkate wa mahindi, akala amesimama.

Nikuambie ya Jumanne. Laban na mkewe walikwenda kupiga kura kabla ya kazi, wakarudi na vikaratasi vyao kifuani, hakuna aliyemuuliza mwenzake. Mike akaja mchana. Alikaa nami sebuleni mpaka jua likazama. Hajui lugha yangu, nami yake najua kidogo tu ya dukani. Tulimenya maboga. Jioni nikamwambia kwa mkono, nenda ukalale. Alikataa mpaka Laban aliporudi.

Mimi sikulala. Nilikaa kitandani na koti langu na viatu, na begi langu mlangoni. Nilikuwa nimelifunga siku ile uliyonipigia, sikumwambia mtu. Moyoni nilisema, kama ni kukimbia, safari hii sitaacha picha ya Khaemba ukutani.

Kukakucha. Laban akaja, akanikuta vile. Nikamuuliza, “Wameshinda?” Akasema ndiyo, wameshinda, hapa kaunti na juu pia. Cheryl nilimsikia analia bafuni. Nikamuuliza, “Sasa tunakwenda wapi?”

Akasema, “Mama, hatuendi popote. Leo Jumatano, ni siku ya kutoa taka.”

(Sikuwa najaribu kuwa mjanja, dada. Ilikuwa Jumatano.)

Basi nikainuka na viatu vyangu ambavyo tayari nilikuwa nimevivaa, nikavuta pipa mpaka barabarani. Nilisimama pale nikangoja kuona. Majirani walikuwa wanavuta mapipa yao, wengine bado na nguo za kulalia. Wale walioshinda walikuwa wanavuta. Na wale wachache walioshindwa nao walikuwa wanavuta. Yule mama wa mkono wa kushoto alinipungia. Nikampungia. Gari la taka likaja likachukua ya watu wote, likaenda zake.

Sisemi hawa ni malaika, Nafula. Sijui watakuwaje kesho, wala wewe hujui. Lakini nimerudi ndani nimefungua begi, nimetoa nguo zote nimezipanga kabatini, na lile begi nimempa Cheryl akaweke mavazi ya baridi. Mimi sihami tena. Laban ameniuliza mara ngapi habari za Akinyi, nimemwambia Akinyi akinitaka aje yeye.

Sasa nasikia wewe umeongeza mkataba tena huko kusiko na mtu wa kukuuliza. Nimefikiri sana juu ya hilo. Tulipanda lori lile watatu. Mimi nimeshuka. Ndugu yako ameshuka juzi, mezani, nimemwona kwa macho yangu. Wewe bado, mwanangu. Ukitaka kunilinda, usinipigie simu. Njoo ukae nami.

Mama yako,
Milcah

(Nimemweleza habari za viza, dada, na foleni, na miaka inavyokwenda. Amesikiliza yote. Amesema niandike tu hivyo hivyo, njoo. L.)